Mtakatifu Thomas wa Aquino, Mwalimu wa Kufikiri Sawasawa



Kila tarehe 28 ya mwezi wa Januari Kanisa hufanya ukumbusho wa Mtakatifu Thomas wa Aquino. Yeye hakuwa mfalme, wala hakuuawa kwa ajili ya dini, wala hakuvuka bahari ili apeleke Evanjili katika nchi za mbali. Kazi yake ilikuwa kufikiri, kufundisha na kuandika. Labda mmoja wenu atauliza: je, kufikiri ni kazi ya kumfanya mtu awe mtakatifu? Maisha yake yatatujibu. Na katika kuyasimulia tutajifunza maana ya maneno machache yampasayo kila mtu mwenye kutafuta ukweli: sababu, hoja, pingamizi, dalili, kupambanua, hitimisho. Maneno hayo si ya watu wa vyuo vikubwa tu. Wazee huyatumia barazani kila wanapokata shauri. Lakini kulitumia neno si sawa na kuijua nguvu yake.

1. Utoto wake

Thomas alizaliwa karibu na mwaka 1225 katika ngome ya Roccasecca, si mbali na mji wa Aquino, katika nchi ya Italia, kati ya Roma na Napoli. Baba yake, Landolfo, alikuwa mtu wa cheo na wa vita. Mama yake aliitwa Theodora. Thomas alikuwa mwana wa kiume wa mwisho. Kwa desturi ya wakuu wa siku zile, kaka wakubwa walishika upanga na mashamba, na mdogo alitolewa kwa Kanisa. Basi alipopata miaka mitano hivi, wazazi wake walimpeleka katika monasteri ya Monte Cassino, iliyoanzishwa na Mtakatifu Benedikto. Walitumaini kwamba siku moja atakuwa abati, yaani mkuu wa monasteri ile yenye mali na heshima nyingi. Wao walifikiri heshima ya ukoo. Mungu alikuwa na shauri lingine.

Inasimuliwa kwamba mtoto huyo alisema machache na kuuliza mengi, na ulizo moja alilirudia mara kwa mara kwa walimu wake: Mungu ni nini? Watoto wengi huuliza hivyo, kisha huacha wapitapo michezoni. Yeye hakuliacha ulizo hilo mpaka kufa.

Mwaka 1239 vita kati ya Kaisari Frederick II na Papa ilifika Monte Cassino, wamonaki wengi wakafukuzwa. Thomas akapelekwa Napoli, katika chuo kikuu ambacho Kaisari huyo huyo alikianzisha mwaka 1224. Hapo ndipo alipoanza kusoma vitabu vya Aristotle.

Huyo Aristotle alikuwa Mgiriki, naye alikufa mwaka 322 kabla ya Kristu. Hakupata kuwasikia manabii. Lakini Mungu, aliye muumba wa akili zote, alimpa akili kali sana. Kati ya vitabu vyake vimo vinavyofundisha namna ya kufikiri, na elimu hiyo wenye kusoma huiita mantiki. Mantiki ni elimu ya kupanga fikira hata neno moja litoke katika jingine kwa haki, bila kurukwa hatua. Angalieni mfano. Kila mtu hufa. Mwami ni mtu. Basi mwami naye atakufa. Neno la tatu latoka katika yale mawili ya kwanza kama maji yatokavyo katika chemchemi. Aliyeyakubali mawili hawezi kulikataa la tatu. Neno hilo la mwisho ndilo liitwalo hitimisho.

Sasa angalieni mfano wa pili. Kila mbuzi ana miguu minne. Mbwa wangu ana miguu minne. Basi mbwa wangu ni mbuzi. Hapo mwacheka, maana kosa laonekana wazi. Walakini makosa ya namna hiyo hiyo hufanyika vijijini, na watu hawacheki, bali wanalia. Tutayarudia mbele.

2. Ndugu zake wanamfunga

Kule Napoli Thomas aliwaona watawa wa Mtakatifu Dominiko. Shirika lao lilikuwa jipya; Papa alilithibitisha mwaka 1216. Hawakuwa na mashamba wala ngome. Waliishi kwa sadaka, wakahubiri na kufundisha. Mwaka 1244 Thomas alivaa kanzu yao nyeupe na joho jeusi.

Jamaa zake walikasirika sana. Mtoto wa mkuu aombe chakula milangoni kama maskini! Wakubwa wa shirika walipoona hatari, wakamtoa Napoli aende mbali. Lakini njiani, karibu na Acquapendente, alipokuwa akipumzika kwenye chemchemi pamoja na wenzake, kaka zake wakamjia na askari, wakamkamata, wakamrudisha katika ngome za ukoo. Huko alifungwa muda wa mwaka mmoja hivi.

Walijaribu njia zote. Mama yake alimsihi. Inasimuliwa kwamba kaka zake walimwingizia mwanamke chumbani ili aanguke katika dhambi, naye akanyakua kijinga cha moto kutoka mekoni, akamfukuza. Kisha dada yake alitumwa kumshawishi kwa maneno ya upole. Thomas hakumfukuza dada yake. Aliketi naye, akasikiliza sababu zake moja moja, akazijibu moja moja. Mwisho wake dada huyo ndiye aliyeshawishika: aliacha mambo ya dunia akawa mtawa wa Mtakatifu Benedikto. Na katika saa nyingi za upweke Thomas alisoma Biblia na kitabu cha mafundisho ya dini cha Petro Lombardo, hata akavishika moyoni.

Tuangalie jambo hili vizuri, maana kati yenu wamo ambao jamaa zao hawapendi waingie katika dini. Je, Thomas alivunja amri ya nne? Amri yatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Baadaye, alipokuwa mwalimu, yeye mwenyewe aliandika jibu, na jibu lake latuonyesha maana ya neno kupambanua. Kupambanua ni kutenga mambo mawili yaliyochanganywa katika neno moja. Mtoto yampasa kuwatii wazazi katika kazi za nyumba na katika malezi yake. Lakini katika kuchagua kama ataoa au atabaki bila ndoa kwa ajili ya Mungu, hapo halazimishwi na mtu, maana nafsi yake ni ya Mungu kwanza. Basi anayewapelekea wazazi wake kuni na maji, akawajibu kwa adabu, akawatunza katika ugonjwa, walakini asiache wito wa Mungu, huyo hakuivunja amri. Asiyepambanua atasema mambo hayo ni mamoja, na atakosa upande huu au ule.

Mwaka 1245 jamaa zake walimwacha aende. Nguvu yaweza kuufunga mwili. Haiwezi kuufunga moyo uliokwisha kuona ukweli.

3. Ng'ombe bubu

Shirika lilimpeleka Paris, na mwaka 1248 akaenda Cologne, katika Ujerumani, pamoja na mwalimu wake Mtakatifu Albert aitwaye Mkubwa. Mwaka ule ule ndipo lilipowekwa jiwe la kwanza la kanisa kuu la Cologne linalosimama hata leo.

Thomas alikuwa mtu mrefu na mnene, mkimya sana. Wanafunzi wenzake walidhani kimya chake ni ujinga, wakampa jina la kumcheka: ng'ombe bubu. Inasimuliwa kwamba mwenzake mmoja alimwonea huruma, akaja kumweleza somo. Thomas akamshukuru, akasikiliza. Lakini mwenzake alipofika penye ugumu alishindwa kuendelea. Ndipo Thomas alipoanza kumfungulia maana kwa utaratibu, tena vizuri kuliko ilivyofundishwa darasani. Albert alipopata habari, alimpa ulizo gumu alijibu mbele ya wote. Baada ya kumsikia, Albert aliwaambia wanafunzi kwamba wao wanamwita ng'ombe bubu, lakini mlio wa ng'ombe huyo utasikiwa katika dunia nzima.

Wenzake walionaje? Waliona kimya, wakasema ni ujinga. Hiyo haikuwa hoja, ilikuwa kudhani tu. Kimya chaweza kutoka katika ujinga. Chaweza pia kutoka katika unyenyekevu, au katika kufikiri. Dalili moja yenye maana nyingi haitoshi kutuletea hitimisho moja.

4. Namna yake ya kufundisha

Mwaka 1252 Thomas alirudi Paris kufundisha, na mwaka 1256 alipata cheo cha mwalimu mkuu wa elimu ya Mungu. Walimu wengi wa chuo hawakupenda watawa maskini wafundishe pamoja nao, wakaleta fujo nyingi. Papa ndiye aliyeamuru wapokelewe.

Katika vyuo vya siku zile ilikuwako desturi njema. Siku fulani mwalimu alitoa ulizo mbele ya watu wote. Kila aliyetaka alisimama, akaleta sababu za kupinga. Mwalimu hakuruhusiwa kuwanyamazisha kwa ukali. Ilimpasa kukusanya maneno yao yote, kisha kutoa jibu lake pamoja na sababu zake, na mwishoni kumjibu kila mpinzani kwa zamu. Desturi hii yafanana na baraza letu lililo jema, ambapo hakuna hukumu mpaka pande zote mbili zimesikiwa.

Akiwa Roma, karibu na mwaka 1266, Thomas alianza kuandika kitabu chake kikubwa kwa namna hiyo hiyo. Kitabu hicho chaitwa Summa, maana yake ni jumla ya mafundisho. Nacho hakukiandikia wenye hekima. Aliona kwamba wanaoanza kujifunza dini walichoshwa na maulizo mengi yasiyo na faida na kwa mafundisho yasiyo na mpango. Akaamua kuwaandalia wao njia iliyonyoka. Basi ninyi mnaoanza msimhesabu kuwa mgeni kwenu.

Kitabu kina maulizo makubwa 512, na kila moja limegawanyika katika maulizo madogo, jumla yake ni zaidi ya 2,600. Kila ulizo dogo hufuata hatua tano. Kwanza, ulizo lenyewe. Pili, mapingamizi, yaani sababu za wale wasiokubali. Tatu, neno moja la upande wa pili, mara nyingi kutoka katika Maandiko Matakatifu au kwa mwalimu wa zamani. Nne, jibu la Thomas na hoja yake. Tano, jibu kwa kila pingamizi. Angalieni hatua ya pili. Kabla ya kusema neno lake mwenyewe, aliwapa wapinzani nafasi ya kwanza. Tena hakuyadhoofisha maneno yao apate kuyashinda kwa urahisi. Aliyaeleza kwa nguvu, pengine kuliko walivyoyaeleza wenyewe.

Mfano mkubwa ni ulizo hili: je, Mungu yuko? Thomas, mtawa na padri, hakuogopa kuliuliza. Akaweka mapingamizi mawili. La kwanza lasema hivi: Mungu ni wema usio na mpaka, kama wema usio na mpaka ungekuwapo, ubaya usingepata mahali, lakini ubaya upo, basi Mungu hayuko. La pili lasema kwamba mambo yote ya dunia yaweza kuelezwa kwa maumbile na kwa mapenzi ya watu. Basi hapana haja ya kumtaja Mungu. Nani kati yetu hakusikia maneno kama hayo penye kilio cha mtoto?

Kisha akatoa njia tano za kuonyesha kwamba Mungu yuko. Tutazame mbili tu. Njia ya kwanza yatoka katika mwendo. Ukuni haujiwashi wenyewe. Hupashwa na moto. Fimbo haiendi peke yake. Huendeshwa na mkono. Kila kiendeshwacho huendeshwa na kingine. Lakini tukisema hiki kiliendeshwa na kile, na kile na kingine, bila kufika kwenye mwanzo, hapo hakuna kitakachokwenda hata kimoja, kama vile fimbo isivyokwenda pasipo mkono. Basi yuko wa kwanza aendeshaye yote, naye haendeshwi na mwingine. Na huyo ndiye watu wote wamwitaye Mungu. Njia ya tano yatoka katika utaratibu wa vitu. Mshale hauna akili, walakini wafika shabaha, kwa sababu mwindaji ameuelekeza. Vitu vya dunia visivyo na akili navyo hufuata shabaha zao, mara zote au karibu zote. Basi yuko mwenye akili aviongozaye.

Halafu akayarudia mapingamizi. Kwa la kwanza alijibu, akimfuata Mtakatifu Augustino, kwamba Mungu huruhusu ubaya kwa sababu ana uwezo na wema wa kutoa jema hata katika ubaya. Kwa la pili alijibu kwamba maumbile yenyewe yabadilika na yana mwisho, na mapenzi ya watu vilevile; basi hayo nayo yahitaji chanzo cha kwanza. Msidhani kwamba majibu hayo hufuta machozi ya aliyefiwa. Thomas hakusema hivyo. Alionyesha tu kwamba machozi si uthibitisho kwamba Mungu hayuko.

5. Ukweli ni mmoja

Ili asome Aristotle bila kosa, Thomas alitumia tafsiri za mtawa mwenzake, William wa Moerbeke, mtu wa nchi iliyo leo Ubelgiji, aliyetafsiri kutoka Kigiriki kwenda Kilatini. Lakini watu wengi walimwogopa Aristotle. Wengine walisema vitabu vya mpagani vitaharibu dini. Na huko Paris walikuwako walimu wengine, kama Siger wa Brabant, waliompenda Aristotle hata wakafundisha mambo yasiyopatana na imani. Kwa mfano, kwamba watu wote wana akili moja tu kwa pamoja. Kama hivyo ni kweli, basi hakuna thawabu wala adhabu ya mtu mmoja mmoja baada ya kufa. Watu wakawashitaki kwamba kwao jambo laweza kuwa kweli kwa akili na uongo kwa imani.

Thomas alirudi Paris katika miaka ya 1268 na 1269, akasimama kati ya pande mbili. Wale wa kwanza aliwajibu kwamba ukweli, hata ukisemwa na mpagani, watoka kwa Mungu. Wale wa pili aliwajibu kwamba Mungu aliyetoa imani ndiye aliyetoa akili. Na Mungu hawezi kujipinga. Basi mambo mawili yanayopingana hayawezi kuwa kweli yote mawili. Tukiona imani na akili zinagombana, ama hatukuielewa imani, ama hatukufikiri sawasawa. Turudi nyuma, tutafute hatua iliyorukwa.

Mwaka 1270 aliandika kitabu kidogo juu ya jambo la akili moja, na ndani yake hakupigana kwa amri za Kanisa, bali kwa maneno ya Aristotle mwenyewe na kwa hoja ambazo wapinzani walizikubali. Mwishoni akamwalika anayepinga asiseme vichochoroni wala mbele ya vijana wasioweza kupima, bali aandike jibu lake wazi, ili watu wapime. Hivyo ndivyo afanyavyo mtu anayetafuta ukweli. Mbishi hutafuta kushinda, na mwenye hoja hutafuta kujua. Mbishi hupandisha sauti, mwenye hoja huleta sababu. Waliomjua Thomas walishuhudia kwamba hata aliposhambuliwa kwa maneno ya majivuno mbele ya watu, yeye alijibu kwa upole.

6. Kuhukumu kwa haki

Sasa tuyarudie yale ya mbwa na mbuzi. Mgeni amepita kijijini. Usiku mtoto ameshikwa na homa, siku ya tatu amekufa. Watu wasema: mgeni alipita, kisha mtoto akafa, basi mgeni ndiye aliyemroga. Au wamtazama bibi mzee, mjane asiye na mtu, mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, wasema ndiye. Iko wapi hoja hapo? Jogoo huwika, kisha jua huchomoza. Je, jogoo ndiye alitoaye jua? Neno kisha si neno kwa sababu. Anayeyachanganya maneno hayo mawili aweza kumfukuza mama wa watu katika nyumba yake, hata kuimwaga damu isiyo na kosa. Kumbe homa ina sababu zake, na mbu hapigi hodi.

Thomas aliandika waziwazi juu ya hukumu. Alisema hukumu ya haki yataka mambo matatu: itoke katika moyo wa haki, itolewe na mwenye mamlaka, na ifuate akili yenye busara. Anayehukumu kwa dalili nyepesi hahukumu, bali atuhumu, na tuhuma hiyo ni dhambi. Tena alifundisha kwamba penye shaka juu ya mtu, tuichukulie shaka hiyo kwa upande ulio mwema. Pingamizi likaletwa: tukifanya hivyo, tutadanganyika mara nyingi. Akajibu kwamba ni afadhali kukosea mara nyingi kwa kumdhania mbaya kuwa mwema, kuliko kukosea mara chache kwa kumdhania mwema kuwa mbaya. Maana katika kosa hili la pili twamdhulumu mtu, na katika lile la kwanza hatumdhulumu.

Msifikiri mambo hayo yalikuwa ya Afrika tu. Wazee wetu waliwanywesha watuhumiwa mwavi. Wazungu wa zamani waliwashikisha watuhumiwa chuma cha moto au kuwatia mikono katika maji yanayochemka. Mwaka 1215 Mtaguso wa Laterano uliwakataza mapadri wasibariki majaribio hayo. Na Thomas aliandika kwamba hayafai, maana ni kumtaka Mungu afanye mwujiza ambao hakuuahidi. Sumu na moto havina akili ya kupambanua. Akili ameipewa mtu, ili aitumie.

7. Siku zake za mwisho

Thomas alifanya kazi bila kupumzika. Walisema aliweza kuwasomea waandishi watatu au wanne kwa wakati mmoja, kila mmoja jambo lake. Inasimuliwa kwamba siku moja, mezani kwa Mtakatifu Ludoviko, mfalme wa Ufaransa, alisahau mahali alipo, akapiga meza kwa ngumi, akisema amepata hoja ya kuwashinda wazushi. Na mfalme, badala ya kukasirika, alimwita mwandishi aiandike mara moja.

Lakini kabla ya kuandika na kufundisha alisali. Kwa agizo la Papa Urbano IV, mwaka 1264, alitunga sala na nyimbo za sikukuu ya Mwili wa Kristu. Ule wimbo wa Tantum ergo unaoimbwa mbele ya Sakramenti Takatifu watoka kwake. Na katika Kwaresima ya mwaka 1273, huko Napoli, mwalimu huyo mkubwa wa Paris aliacha Kilatini, akawahubiria watu kwa lugha ya kwao juu ya Nasadiki, Baba Yetu na Amri Kumi. Ndiyo mambo yale yale mnayojifunza ninyi.

Tarehe 6 Desemba 1273, alipokuwa akisoma Misa, jambo fulani lilimpata. Tangu siku hiyo hakuandika tena, wala hakuimaliza Summa. Aliiacha katikati ya mafundisho ya sakramenti ya Kitubio. Mwenzake Reginald alipomsihi aendelee, alimjibu kwamba yote aliyoyaandika anayaona kama majani makavu tu mbele ya yale aliyoyaona. Je, alikuwa ameitupa akili? Sivyo. Ngazi hutupandisha ghorofani. Aliyefika juu haichukii ngazi, ila hakai juu yake.

Mwaka 1274 Papa Gregori X alimwita kwenye Mtaguso wa Lyon. Njiani aliugua, akapelekwa katika monasteri ya Fossanova. Kabla ya kupokea Komunyo ya mwisho aliyaweka mafundisho yake yote chini ya hukumu ya Kanisa. Akafa tarehe 7 Machi 1274, akiwa na miaka 49 hivi.

8. Baada ya kufa kwake

Hata baada ya kufa hakuachwa kupingwa. Mwaka 1277 Askofu wa Paris alikataza maneno 219, na baadhi yake yaligusa mafundisho ya Thomas. Lakini hoja zilizojengwa vizuri husimama. Mwaka 1323 Papa Yohana XXII alimtangaza mtakatifu, na mwaka 1325 katazo lile liliondolewa kwa upande unaomhusu. Mwaka 1567 Papa Pio V alimhesabu kati ya Walimu wa Kanisa. Mwaka 1879 Papa Leo XIII aliagiza mafundisho yake yafuatwe katika vyuo na seminari, na mwaka 1880 akamfanya msimamizi wa shule za Kikatoliki. Zamani sikukuu yake ilikuwa tarehe 7 Machi; tangu mwaka 1969 imewekwa tarehe 28 Januari. Elimu ya kufikiri ilifika na huku kwetu: Padri Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917, wa kwanza katika Kongo ya nyakati hizi mpya, alisoma falsafa katika seminari, kisha akaandika juu ya fikira na tabia za watu wa kwake.

Basi, wapendwa, mnapojitayarisha kwa Ubatizo msiogope kuuliza. Mwenye kuuliza kwa moyo mnyofu si adui wa imani. Msikilizeni anayewapinga mpaka mwisho. Pambanueni maneno yake. Tafuteni sababu, si kelele. Na kama dalili ni nyepesi, zuieni ndimi zenu. Mtakatifu Thomas wa Aquino, utuombee.

Maulizo ya kujibu katika mkutano

1. Kwa nini jamaa za Thomas walimfunga, na yeye aliwajibu kwa njia gani?
2. Taja hatua tano za kujibu ulizo katika kitabu chake kikubwa.
3. Pambanua: kudhani na kujua, ubishi na hoja, kisha na kwa sababu.
4. Mtu akituhumiwa uchawi kijijini kwenu, mtauliza maulizo gani kabla ya kusadiki neno lolote?